Kofia ya Baridi

Asubuhi hiyo cherehani ilianza kulia kabla maji ya chai hayajachemka. Shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa, na mwanamke aliyekaa nyuma ya cherehani alikuwa na sare nyingi za kumaliza. Watu walimwita Vifungo. Walimpa jina hilo kwa sababu hakuna sare iliyotoka mkononi mwake ikiwa na kifungo kinacholegea. Mteja akitaka kuibeba kabla haijakaguliwa, Vifungo humnyang'anya.

"Kaa kwanza," husema. "Mtoto akidondosha kifungo darasani, atakayesemwa ni mimi."

Nje, uani, mume wake alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji ya mtu. Yeye aliitwa Barafu, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kutengeneza friji na friza. Ua ulijaa friji mbovu. Zote alikuwa amezing'oa milango, ili binti yao mdogo asije akajifungia ndani akicheza.

Mtu wa nne katika nyumba ile alikuwa mama yake Vifungo. Mjukuu alimwita Bibi, basi na wengine wakamwita hivyo hivyo. Bibi alihamia hapo baada ya kumzika binti yake wa kwanza, dada yake Vifungo. Tangu mazishi hayo hakuwa mtu wa maneno mengi. Alichambua mboga, alikunja sare zilizopigwa pasi, kisha alikaa akitazama mlango. Tena hospitali hakutaka hata kuisikia. Akiumwa jino, alivumilia mpaka likapoa lenyewe.

Dada mtu alikufa kwa saratani ya titi. Alikuwa anauza vitambaa dukani, mwanamke wa kujipenda, na nywele zake zilikuwa ndefu na nzito. Alipoanza dawa za saratani, nywele zilidondoka zote. Wateja wakaanza kumkodolea macho. Wengine wakawa wanapita upande wa pili wa barabara. Dada mtu akasema atapumzika dawa kidogo, arudi nywele zikishaota. Nywele ziliota kidogo. Saratani nayo ilikuwa imeshaenea, na kurudi kwake hakukusaidia kitu.

Kwa hiyo Vifungo alipopapasa titi lake la kushoto bafuni, akagusa kitu kigumu kama punje ya hindi kavu, alimkumbuka dada yake. Lakini hakungoja. Kesho yake alikwenda hospitali. Akapimwa, akaambiwa ni saratani, na kwamba amewahi. Alifanyiwa upasuaji, uvimbe ukatolewa. Kidonda kilipopona, daktari alimwita tena.

"Uvimbe tumeutoa," daktari alisema. "Ila mbegu ndogo za saratani, zisizoonekana kwa macho, zinaweza kuwa zimebaki mwilini. Sasa tutakupa dawa kali kwenye mshipa ili kuziua. Inaitwa tibakemikali. Watu wengi wanaiita kemo."

"Na nywele, daktari?"

"Kwa dawa hizi, nywele hudondoka. Zitaota tena tukimaliza. Siku ya kuanza, muuguzi atakueleza zaidi."

Nje kulikuwa na foleni ndefu. Vifungo hakuuliza tena. Alirudi nyumbani, akakaa kwenye cherehani, na mguu wake haukukanyaga.

Jioni binti yake alikuja kusimama karibu naye.

"Mama, na wewe nywele zitakutoka?"

"Nani kakwambia?"

"Mama Mkubwa zilimtoka. Halafu akafa."

Bibi alikuwa akikunja sare kitandani. Mikono yake ilisimama. Baba yake alimwita aende akaoge.

*

Siku ya kuanza dawa ilifika. Barafu alikuwa na friza kubwa ya kutengeneza kwenye hoteli moja. Vifungo alimwambia asijali, atasindikizwa na jirani. Barafu alirudi mchana kuchukua bisibisi aliyoisahau. Kabla hajafungua mlango, alisikia cherehani.

"Mbona umewahi kurudi?" aliuliza.

"Sikwenda."

Barafu alivuta kigoda, akakaa. Vifungo hakuinua macho. Aliendelea kupindia mkono wa shati.

"Mke wangu, ugonjwa huu si nguo, useme utaumalizia kesho."

"Nitakwenda. Shule zifunguliwe kwanza."

"Na zikifunguliwa?"

Vifungo alikata uzi kwa meno. Kisha akaliweka shati chini.

"Baba watoto, wewe hukumwona dada siku za mwisho kama nilivyomwona mimi. Mimi ndiye niliyekuwa namwogesha. Watu walikuwa wakija kumwona, wanakitazama kichwa tu. Yeye mwenyewe hawamtazami. Mimi ni fundi. Humu wanaingia watu kutwa nzima. Wakikiona kichwa changu kikiwa kitupu, watasema huyu ni wa kwenda. Nani atampelekea maiti sare za mwanawe?"

Barafu alisimama. Alichukua bisibisi yake, akarudi kazini.

Kule hotelini alimweleza mpishi yaliyompata. Mpishi akasema, "Mbona shangazi yangu alivalishwa baridi kichwani wakati wa dawa hizo, na nywele hazikumtoka zote?"

"Baridi?"

"Baridi kali. Wanakugandisha kichwa."

Mpishi alijua nusu tu ya habari. Barafu naye hakuuliza nusu iliyobaki. Alitoka pale anatembea kama mtu aliyeokota kitu. Maisha yake yote alikuwa fundi wa baridi. Kama kuna mtu angeweza kumtengenezea mkewe baridi, si ni yeye?

Jumapili mchana alitoa kwenye friza yake mifuko ya plastiki yenye maji yaliyogandishwa. Friza alikuwa ameiweka kwenye baridi ya mwisho kabisa.

"Tujaribu kwanza hapa nyumbani," alimwambia mkewe. "Ukiona unaweza kuvumilia, tutakwenda nayo kwenye dawa. Nitakuwa nakubadilishia mifuko."

Vifungo alimtazama. Kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, uso wake ulikunjuka kidogo.

"Unasema kweli, nywele zitabaki?"

"Za shangazi wa mpishi zilibaki."

Alikaa kwenye kiti. Nywele zake zilikuwa zimesukwa mistari. Barafu alipanga mifuko ile moja kwa moja juu ya kichwa kikavu, akaikaza kwa vipande vya kitambaa cha sare. Mfuko mmoja ulilala juu ya sikio. Mwingine ulishuka mpaka kwenye paji la uso.

Mwanzoni kichwa kilimuuma Vifungo mpaka machozi yakamlenga. Alijikaza. Kisha maumivu yakapungua, ngozi ikafa ganzi. Hapo akafurahi, akidhani amezoea. Barafu naye akatoka kwenda kuonana na mteja mlangoni. Mteja alikuwa na maneno mengi.

Bibi ndiye aliyeingia akamkuta. Midomo ya bintiye ilikuwa inatetemeka, na macho ameyafumba. Bibi alifungua vile vitambaa kwa haraka, akaitupa mifuko sakafuni. Ngozi ya juu ya sikio ilikuwa nyeupe na ngumu kama nta. Pembeni mwa paji la uso kulikuwa vilevile. Jioni sehemu hizo ziligeuka nyekundu, zikavimba, zikatoa malengelenge, kama mtu aliyeunguzwa na uji wa moto.

Barafu aliporudi ndani, Bibi alikuwa bado amesimama pale, mikono yake imelowa.

"Baba," alimwambia, "mmoja alitosha."

Barafu alikaa sakafuni, katikati ya mifuko iliyokuwa inayeyuka.

*

Jumatatu asubuhi Barafu mwenyewe alimpeleka mkewe hospitali. Katika chumba cha dawa za saratani walimkuta muuguzi, mwanamke mfupi mwenye miwani na sauti ya chini. Wagonjwa wote walimwita Sista. Alilifunua lile sikio polepole, akalitazama kwa makini. Kisha akauliza:

"Nani amekuunguza?"

"Mimi," Barafu alisema. Akaeleza habari yote, bila kujipunguzia.

Sista alimsikiliza mpaka mwisho. Halafu akavuta kiti.

"Hukukosea kila kitu," alisema. "Baridi inaweza kuzuia nywele zisidondoke. Hilo ni kweli. Lakini wewe, baba, unajua baridi ya nyama. Hapa tunazungumzia baridi ya mtu aliye hai."

Barafu aliinamisha kichwa. Vifungo, ambaye hakuwa na nia ya kucheka, alicheka kidogo.

"Sikilizeni," Sista aliendelea. "Kwa nini nywele hudondoka? Mbegu za saratani zinakua haraka. Dawa ya kemo inawinda chochote kinachokua haraka. Na mizizi ya nywele inakua haraka pia. Basi dawa inaipiga pamoja na saratani, maana haina macho ya kuchagua."

"Na baridi inafanya nini?" Vifungo aliuliza.

"Ngozi ya kichwa ikipata baridi, mishipa midogo ya damu inajibana. Damu inayofika kwenye nywele inapungua, kwa hiyo na dawa inayofika pale inapungua. Mizizi nayo inasinzia, haikui kwa kasi. Dawa inapita, mizizi mingine inaokoka."

Barafu akauliza, "Na saratani je? Haiwezi kujificha humo kichwani, mahali ambapo dawa haijafika vizuri?"

"Umeuliza vizuri. Kwa saratani ya titi, wataalamu wamelichunguza jambo hilo, na hatari yake imeonekana ni ndogo sana. Kwa baadhi ya saratani nyingine haifai. Ndiyo maana anayeamua ni daktari. Hatuamui nyumbani."

Aliwapeleka chumba cha ndani. Kulikuwa na mashine yenye ukubwa wa kabati dogo, na mpira mnene ukitoka ubavuni. Mwisho wa mpira kulikuwa na kofia laini, yenye mifereji ndani yake. Barafu aliinama kuisikiliza inavyonguruma.

"Ina kompresa kama friji," alisema.

"Ina kompresa, na ina kipimo," Sista alijibu. "Inazungusha maji maalumu ya baridi ndani ya kofia, na baridi hiyo haipandi wala haishuki ovyo. Barafu ya nyumbani huwezi kuipima. Inaunguza hapa, na pale haigusi kabisa, halafu inayeyuka kabla dawa haijaisha. Na mtu akishakufa ganzi hajui tena kama anaungua."

Kwenye kiti cha jirani alikaa mwanamke wa makamo, amevaa kofia ya kufuma kwa uzi. Alikuwa mwalimu wa hesabu. Dripu ilikuwa inaingia mkononi mwake taratibu.

"Na wewe unavaa hii mashine?" Vifungo alimwuliza.

"Mimi hawanivalishi, mama. Saratani yangu ni ya damu. Imetapakaa kila mahali, basi na dawa lazima ifike kila mahali. Nikikificha kichwa kwa baridi, nitakuwa nimemwachia mwizi chumba." Alivua kofia yake. Kichwa kilikuwa kitupu kabisa. "Nililia wiki nzima. Sasa nimekizoea. Angalau kinaoga haraka."

Vifungo alikitazama kile kichwa. Alitaka kugeuza macho, akajizuia. Akamtazama mwalimu usoni.

Daktari alikuja kukagua malengelenge. Alisema utosi ni mzima, na pale palipoungua pakikauka patafunikwa kwa shashi chini ya kofia. Lakini dawa isichelewe zaidi ya siku chache hizo. Alipoondoka, Sista alikaa tena mbele ya Vifungo.

"Sasa nikwambie ambalo wengi hawapendi kulisikia. Kofia hii haitibu saratani. Inasaidia nywele tu, na haimsaidii kila mtu. Wengine hubaki na nywele nyingi. Wengine hubaki na nusu. Wengine zinaondoka zote pamoja na kofia. Nywele nzito zinahitaji kulowanishwa vizuri, baridi ifike kwenye ngozi. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

"Basi niahidi kitu. Kofia ikishindwa, dawa hatuachi."

Vifungo aliitazama ile kofia. Mashine ilikuwa inanguruma peke yake.

"Dada yangu aliacha," alisema mwishowe.

"Ndiyo maana nakuomba ahadi."

Vifungo aliahidi. Lakini aliahidi shingo upande, na wote watatu waliona.

*

Kabla ya siku ya dawa, alifumua misuko yote kama alivyoelekezwa. Nywele zikisukwa, kofia haigusi ngozi. Siku ilipofika, Sista alizilowanisha kwa maji, akapaka kondishena, akazichana nyuma taratibu. Akafunika lile sikio na paji la uso kwa shashi, akamvika kofia na kuikaza mpaka isiache nafasi.

"Tunaanza baridi sasa, nusu saa kabla ya dawa," alisema. "Itaendelea dawa ikiingia. Dawa ikiisha utakaa nayo zaidi ya saa nzima, kwa kuwa bado iko kwenye damu. Dakika za kwanza ndizo mbaya. Ukizidiwa, niambie. Hapa hatushindani na mtu."

Baridi ilimshika kama mkono. Kichwa kiligonga, meno yakagongana. Sista alimfunika blanketi, akampa chai ya moto. Baada ya muda kichwa kikatulia. Dawa nyekundu ikaanza kushuka kwenye mpira. Barafu alikaa karibu naye kutwa nzima. Hakugusa hata swichi moja.

Ilipokwisha, Sista hakuivuta kofia. Alingoja barafu iliyoshikana na nywele iyeyuke kwanza.

"Ukivuta sasa utazing'oa wewe mwenyewe," alisema. "Na nyumbani zitunze kama mtoto mchanga. Osha kwa maji ya uvuguvugu, si kila siku. Chanuo liwe la meno mapana. Usisuke kwa kukaza, usipake rangi, usitie dawa ya kulainisha, na kikaushio cha moto kiache."

Kichefuchefu kilimlaza Vifungo siku kadhaa. Kisha alinyanyuka, akarudi kwenye sare. Kila asubuhi aligusa kichwa. Nywele zilikuwepo. Alianza kuamini.

Muda mfupi kabla ya dozi ya pili, aliamka akakuta mto umejaa nywele. Alipojichana, chanuo lilitoka na fungu zima. Aliendelea kuchana kama mtu aliyepagawa. Mafungu yakaanguka mapajani, sakafuni, juu ya mashati meupe ya watoto wa watu. Utosini palionekana ngozi.

Barafu alimwambia, "Sista alisema zitapungua."

"Alisema. Sasa zimepungua. Basi tuseme tumejaribu."

"Una maana gani?"

"Nina maana siendi. Napigwa baridi, natapika, na nywele zinaondoka vilevile. Niacheni nikae na watu wangu nikiwa bado natazamika."

Barafu alisihi. Alikumbusha ahadi. Vifungo alijifunika shuka, akageukia ukutani. Siku hiyo cherehani haikulia. Wateja wawili walibisha hodi, wakaondoka bila kujibiwa.

Bibi aliokota nywele zote sakafuni. Alipangusa mashati, moja moja. Kisha aliingia chumbani, akakaa kitandani karibu na miguu ya bintiye. 

"Mwanangu," Bibi alisema, "nywele za dada yako nilizilia sana. Kila asubuhi nilizifagia na kulia. Nilidhani hilo ndilo kubwa lililotupata."

Vifungo hakugeuka.

"Siku ile makaburini sikuzika nywele. Nilizika mtoto."

Sauti yake haikupanda. Alisema kama mtu anayehesabu sare.

"Nikikuona na kichwa kama yai, nitakuona. Nitakutazama kila siku mpaka nikizoee. Nisichoweza ni kurudi kule tena."

Baada ya muda mrefu, shuka lilianza kutikisika. Bibi aliweka mkono juu ya mguu wa bintiye, akauacha hapo.

Siku ya dozi ya pili, Barafu alipokuwa akimfungia mkewe kikoba cha nguo, Bibi alitoka chumbani amevaa viatu vya kutokea. Hakuna aliyemwuliza anakwenda wapi. Kwenye lango la hospitali alisimama. Alishika nguzo ya lango, akapumua kwa shida. Watu walimpita kulia na kushoto. Vifungo, mgonjwa mwenyewe, ndiye aliyemshika mkono.

"Tutaingia polepole, mama," alisema.

Sista alipokagua kichwa alitikisa kichwa chake kwa huruma, lakini hakuonekana kushtuka.

"Mwanzo huu ndio hupunguza zaidi. Utosini kofia haikukaa sawasawa. Leo nitaikaza upya, na nitalowanisha zaidi. Hizi zilizobaki tunaweza kuzipigania. Unataka tuendelee na kofia, au dawa peke yake?"

Vifungo alifikiri.

"Dawa kwanza," alisema. "Kofia nayo nivishe. Ikiweza iweze, isipoweza basi."

Sista alimtazama kidogo, kisha akaanza kulowanisha nywele. Bibi alikaa kando, ameshika kikombe cha chai cha bintiye kwa mikono miwili ili kisipoe. Baridi ilipomshika Vifungo na meno yakaanza kugongana, Bibi alifumba macho. Hakutoka chumbani.

*

Zilifuata dozi nyingine. Hakuna iliyokuwa rahisi. Kucha ziligeuka nyeusi, chakula kikawa na ladha ya chuma. Lakini nywele zilipungua polepole zaidi kuliko mwanzo. Utosini palibaki kipara cha ukubwa wa kiganja. Pembeni na nyuma zilibaki, nyembamba, lakini ni zake. Alizifunga kitambaa na kukaa kwenye cherehani siku alizoweza.

Mteja mmoja alikuja kuchukua sare akakikodolea macho kile kitambaa. Vifungo alimwacha atazame mpaka atosheke.

"Naumwa saratani, natibiwa," alimwambia. "Sare ya mwanao hii hapa. Kaa kwanza niikague."

Yule mwanamke alikaa. Baadaye, kwa sauti ya chini, aliuliza uvimbe wenyewe unakuwaje ukiupapasa. Vifungo aliacha sindano, akamwonyesha namna ya kujipima, mwanamke akagusa uvimbe mdogo, na kesho yake Vifungo akamsindikiza hospitali. Uvimbe wa yule mwanamke haukuwa saratani.

Mwalimu wa hesabu walimkuta mara mbili zaidi. Kisha akalazwa wodini. Vifungo alikuwa anapita kumwona kila akimaliza dawa. Safari nyingine mwalimu alikuwa na nguvu za kutania. Safari nyingine alikuwa amelala tu, na Vifungo alikaa kando yake.

Dozi ya mwisho ikaisha. Wiki kadhaa baadaye daktari alimpima, akasoma majibu, akayasoma tena.

"Kwa sasa hatuoni saratani," alisema. "Utakuwa unakuja kupimwa mara kwa mara, miaka mingi. Usije ukaacha. Lakini leo, nenda nyumbani."

Walikwenda nyumbani. Hawakupika cha sherehe, wala hawakuita majirani. Vifungo alikuwa amechoka. Alikaa uani kwenye kigoda, akavua kitambaa, jua limguse kichwa. Bibi alikaa nyuma yake na chanuo la meno mapana. Alimchana taratibu, kutoka chini kwenda juu, kama alivyosikia kwa Sista. Utosini, kwenye kile kipara, vinywele vipya vilikuwa vimeanza kuchomoza, laini kama vya kifaranga. Binti mdogo alikuja akavigusa kwa kidole kimoja.

"Vinachekesha," mtoto alisema.

"Dada yako angekuwepo," Bibi alisema, "angecheka mpaka akae chini. Alikuwa hana huruma na kichwa cha mtu."

"Angenitafutia jina," Vifungo akasema.

"Angekutafutia."

Walicheka wote wawili; hawakuwahi kucheka wakimtaja marehemu tangu azikwe. Kisha kicheko cha Bibi kikabadilika. Chanuo lilimponyoka. Alijiinamia mgongoni kwa bintiye, akalia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi. Barafu, aliyekuwa nyuma ya friji, alizima redio. Vifungo hakumwambia mama yake anyamaze. Alirudisha mkono nyuma, akamshika, na akamwacha alie mpaka akamaliza.